Kipimo Kije kwa Wakati Wake, Si Karatasi ya Kututisha

Ndugu zetu wanachama,

Katika karatasi hii yetu mmezoea kusoma habari za mishahara, za saa za ziada, za nyumba zinazovuja na za wenzetu waliosimamishwa kazi bila kuulizwa. Leo tunaomba nafasi tuseme habari ya maabara. Tafadhali msigeuze ukurasa. Habari hii imeingia katika nyumba zetu, imekula akiba zetu, na nusura ivunje ndoa ya mwenzetu mmoja. Jambo linaloweza kufanya hayo yote ni jambo la Chama.

Mwenzetu huyo ni fundi wa mabehewa. Hatutamtaja jina, ila yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuieleze habari yake. Mkewe alijifungua mtoto wa kike, mtoto mdogo kuliko kawaida. Alipofika mwezi wa tano mama akaona ya kuwa mtoto hashtuki. Mlango ukibamizwa hageuki. Garimoshi likipiga honi karibu na kwata, watoto wa rika lake huruka, yeye huendelea kulala. Wakaenda hospitali moja, wakaambiwa wangoje, kwani watoto wengine huchelewa. Wakangoja. Kisha wakaenda katika maabara ya kulipia, wakatoa fedha walizokuwa wameweka za karo ya mtoto wao mkubwa. Mama na mtoto wakatolewa damu, wakapewa karatasi. Juu yake ziliandikwa herufi tatu, C, M na V, na mbele ya herufi hizo neno pozitivu. Hakuna mtu aliyewaeleza neno moja zaidi.

Sasa ndugu, mnajua neno hilo linavyosikika kwetu. Tangu Ukimwi uingie, mtu akiona pozitivu huwaza jambo moja tu. Fundi akamwuliza mkewe, "Umeutoa wapi ugonjwa huu?" Mama akalia, akafunga mizigo yake, akaenda kwao. Sisi wenzake tukaitwa tuwasuluhishe, na tunakiri hapa mbele yenu kwamba kikao chetu cha kwanza kilikuwa cha aibu. Tulikaa watu sita, hakuna hata mmoja aliyejua karatasi ile inasema nini, na bado kila mmoja alikuwa na hukumu yake tayari.

Aliyetuokoa ni binti wa mwenzetu, ambaye kazi yake ni kupima damu katika maabara. Alikuja kikao cha pili, akaisoma karatasi, akairudisha mezani.

"Baba zangu," akasema, "nikiwapima ninyi nyote mlioketi hapa, naamini karibu wote mtaonekana hivi hivi. Basi mtamfukuza nani?"

Tukanyamaza. Ndipo akatufundisha, na hayo aliyotufundisha, pamoja na mengine tuliyoyatafuta wenyewe baadaye, ndiyo tunayowaandikia.

KIRUSI CHENYEWE

Herufi hizo ni kifupi cha jina refu, saitomegalovirusi. Maana yake ni kirusi kinachoifanya chembe ya mwili ivimbe iwe kubwa. Madaktari wa zamani walipotazama kwa hadubini waliona chembe iliyovimba, na ndani yake doa jeusi lenye duara jeupe, mfano wa jicho la bundi. Katika miaka ya 1956 na 1957 maabara tatu za Marekani, kila moja kwa njia yake, zilifaulu kukiotesha kirusi hiki. Jina lake kilipewa mwaka 1960 na Dr. Thomas Weller, mmoja wa hao waliokiotesha.

Kirusi hiki hukaa katika mate, mkojo, maziwa ya mama, damu na maji ya uzazi. Ni kweli kwamba kinaweza kupita kwa njia ya unyumba, lakini hiyo ni njia moja tu. Watu wengi wa nchi zetu hukipata wakiwa wachanga, kwa kunyonya, au wakiwa watoto wanaocheza pamoja na kutiana vidole vinywani. Mtu mzima mwenye afya akikipata huenda asione kitu, au apate homa ya siku chache na uchovu. Baadaye kirusi hakitoki. Hulala mwilini maisha yote, na mara nyingine huamka.

Wanaoumizwa nacho hasa ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale ambao nguvu ya mwili ya kujikinga imeshuka: mgonjwa wa Ukimwi ambaye hajapata dawa au ameziacha, naye kirusi huweza kumla macho hata akapofuka, na mtu aliyetiwa figo ya mwingine, ambaye hupewa dawa za kuutuliza mwili usiikatae figo hiyo. Wa pili ni mtoto aliye tumboni. Kirusi kikimwingia humo, wengi huzaliwa salama na kukua salama, lakini wengine huumia ubongo, macho au masikio. Katika Marekani inahesabiwa kwamba mtoto mmoja katika kila 200 huzaliwa nacho, na katika hao, mmoja kati ya watano hubaki na kilema cha kudumu. Hesabu iliyokusanywa kutoka nchi nyingi na kutangazwa mwaka 2021 ilionyesha kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati watoto wanaozaliwa nacho ni mara tatu ya wale wa nchi tajiri. Katika magonjwa yote ya kuambukizwa yanayoleta uziwi wa watoto wachanga, hili ndilo la kwanza.

Sisi tunaofanya kazi kati ya nyundo na injini twajua uziwi ni nini. Wazee wetu wengi walistaafu hawamsikii mjukuu akiwaamkia. Lakini wao walikuwa wamekwisha kujifunza kusema. Mtoto asiyesikia tangu mwanzo huipoteza na lugha pia, ikiwa hakuna aliyejua mapema akamfundisha kwa njia nyingine.

DAMU INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Hapa ndipo tunapoomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo fedha zetu zinapopotea.

Maabara nyingi za kulipia hupima damu kutafuta askari wa mwili, ambao madaktari huwaita kingamwili. Wako wa aina mbili wanaotajwa katika karatasi. Aina ya G ni askari wa kudumu. Wakionekana, maana yake ni kwamba kirusi kiliwahi kupita. Ni kama kuona moshi juu ya reli: garimoshi limepita, lakini moshi haukuambii lilipita saa ngapi wala lilitoka stesheni gani. Labda mama alikipata mwaka huu. Labda alikipata akinyonya kwa mama yake, miaka thelathini nyuma. Basi mume anayemhukumu mkewe kwa karatasi ya G anahukumu bila ushahidi.

Aina ya M ni askari wa kwanza kutoka kambini. Wengi hufikiri kwamba wakionekana hao basi ugonjwa ni mpya. Si lazima. Huweza kukaa katika damu miezi mingi, huweza kutoka tena kirusi cha zamani kinapoamka, na mara nyingine kipimo huwachanganya na askari wa kirusi kingine. Kwa hiyo M peke yake haitoshi. Mahali penye maabara nzuri, M ikionekana kwa mama mjamzito, hupima pia jinsi askari wa G wanavyomshika adui. Askari wapya hushika kwa ulegevu, kama kiungo cha mabehewa ambacho hakijakazwa. Askari wa zamani hushika sana. Mshiko ukiwa legevu, huenda kirusi kiliingia katika miezi michache iliyopita. Ukiwa mkali tangu mwanzo wa mimba, ni dalili kwamba kilikuwako kabla ya mimba. Na hata hapo mama asidhani mtoto wake amekingwa kabisa, kwa kuwa kirusi cha zamani huweza kuamka, au cha namna nyingine kikaingia. Katika nchi ambazo karibu kila mama anacho, watoto wengi wanaozaliwa nacho ni wa akina mama wa namna hiyo.

Na damu ya mtoto mchanga je? Askari wa G walio ndani yake wametoka kwa mama kupitia kondo. Ukiwapima hao, umempima mama mara ya pili na umelipishwa mara mbili. Askari wa M hawapiti kondo, lakini watoto wengi waliozaliwa na kirusi hawaonyeshi M, kwa hiyo jibu la kwamba hawapo halikupi usalama.

Hivi ndivyo alivyofanyiwa fundi wetu. Aliuziwa vipimo ambavyo hata vikifanywa kwa ufundi kamili haviwezi kujibu swali lake. Yeye aliuliza: je, kirusi hiki ndicho kilichomfanya mwanangu asisikie? Karatasi ilijibu swali jingine ambalo hakuna aliyeuliza.

SIKU ISHIRINI NA MOJA

Kipimo cha kweli kipo, wala si cha ajabu. Mtoto mchanga aliyezaliwa na kirusi hukitoa kwa wingi katika mate na mkojo. Muuguzi humpitisha mtoto kijiti chenye pamba ndani ya shavu, au hukinga mkojo katika mfuko mdogo, na maabara hutafuta kirusi chenyewe kwa kipimo kiitwacho PCR, ambacho huichukua mbegu ya kirusi na kuinakili mara nyingi mpaka ionekane. Zamani iliwapasa kukiotesha kirusi katika chupa na kungoja, pengine wiki kadhaa. PCR humalizika kwa saa chache. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kwa watoto karibu 35,000 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mate yaliyopimwa hivyo hugundua zaidi ya watoto 97 katika kila 100 wenye kirusi. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi pia huweza kupimwa, ila hilo hukosa wengi zaidi.

Yako mambo ya kuangalia. Kwa kuwa maziwa ya mama yana kirusi, mate yachukuliwe angalau saa moja baada ya kunyonya, na yakionyesha kirusi, mkojo nao upimwe ili kuhakikisha. Lakini jambo kubwa kuliko yote ni saa. Kipimo hiki lazima kifanywe kabla mtoto hajatimiza siku 21 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo, kirusi kikionekana, hakuna tena anayeweza kusema kwa hakika kama alizaliwa nacho au alikinyonya. Na mtoto anayekipata kwa kunyonya, akiwa amezaliwa kwa miezi yake kamili, kwa kawaida hadhuriki. Mama asiache kunyonyesha kwa ajili ya habari hii.

Hapa Kenya saa hiyo ni kali kuliko kwingine. Uchunguzi uliofanywa Nairobi kwa watoto wa akina mama wenye virusi vya Ukimwi, na kutangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kufika mwezi wa tatu karibu watoto tisa katika kila kumi walikuwa wamekwisha kupata CMV. Basi mtoto wa miezi mitano akipimwa na kuonekana nacho, amefanana tu na wenzake. Binti yule alipotueleza hayo, fundi aliuliza swali moja tu: "Sasa mimi nitajua lini?" Binti akajibu kwa upole, "Baba, wakati wa kujua ulipita mtoto akiwa na wiki tatu." Hatutasahau uso wa fundi siku ile. Wazee walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Na hapa aliyechelewa hakuwa baba. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna saa.

WATAKAOTUPINGA

Najua wapo watakaosema: ninyi watu wa reli mmepata wapi ugonjwa huu wa kigeni, wakati malaria na kifua kikuu vinaua? Tunawajibu kwamba hatuombi malaria iachwe. Wala hatuombi kila mtoto apimwe kesho. Jimbo la Ontario, katika Kanada, lilianza mwaka 2019 kuwapima watoto wote wanaozaliwa, na Minnesota ya Marekani mwaka 2023. Hayo ni mabwana wenye fedha. Lakini Utah ilianza mwaka 2013 kwa sheria ndogo zaidi: mtoto mchanga asiyefaulu kipimo cha masikio na apimwe CMV. Njia hiyo ya Utah twaweza kuifuata.

Wengine watasema mashine hazipo. Twajua mashine za PCR zipo Kenya miaka mingi, maana watoto wa akina mama wenye virusi vya Ukimwi hupimwa kwa PCR katika nchi hii hii, na damu yao husafirishwa kwenye karatasi kutoka zahanati za mbali mpaka maabara kubwa. Ni kweli kwamba kemikali za kupimia CMV ni nyingine, na wafanya kazi watahitaji kufundishwa. Lakini reli imekwisha kutandikwa. Kinachotakiwa ni behewa jingine.

Wengine watauliza: mkijua mtafanya nini, dawa iko wapi? Ipo dawa iitwayo valganciclovir. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto walioumizwa na kirusi, wakianza kunywa dawa hiyo katika mwezi wa kwanza na kuendelea miezi sita, walikuwa na hali bora kidogo ya kusikia na ya akili kuliko waliopewa wiki sita tu. Si dawa ya kuchezea. Hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo mtoto lazima apimwe damu mara kwa mara, wala haipewi kila mtoto. Na hata bila dawa, kujua ni faida. Watoto wengine huzaliwa wakisikia, kisha masikio hufifia mwaka wa pili au wa tatu. Anayejulikana atapimwa masikio kila baada ya miezi michache, atapata kifaa cha kusikia mapema, au wazazi wake wataanza lugha ya ishara kabla miaka ya kujifunza kusema haijapita. Asiyejulikana ataitwa mjinga shuleni na kuchapwa kwa kutosikia.

TUNAYOTAKA

Twakatwa katika mishahara yetu shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, tangu Oktoba 2024. Anayelipa nauli ana haki ya kuuliza garimoshi linakwenda wapi. Kwa hiyo twasema hivi:

Kwanza, maabara yoyote isimpe mfanya kazi karatasi ya CMV bila mtu wa kumweleza. Na daktari asiagize kipimo cha askari wa damu kwa mtoto mchanga kana kwamba ndicho kipimo cha kirusi.

Pili, hospitali zinazozalisha zimpime kila mtoto masikio kabla ya kutoka. Asiyefaulu, au aliyezaliwa mdogo mno, au mwenye kichwa kidogo, madoa mekundu ya ngozi, manjano iliyozidi au degedege, apimwe mkojo au mate kabla ya siku 21, na bima ilipe.

Tatu, Chama kiliweke jambo hili katika mazungumzo yake na waajiri na na wenye bima, kando ya mishahara, wala si chini yake.

Nne, na hili ni letu wenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi na baba wiki mbili, kwa mshahara kamili. Wiki mbili ni siku 14, nazo ziko ndani ya zile 21. Ndugu, tusizimalize siku hizo kwa kupokea pongezi mahali pa vinywaji. Mchukue mtoto na mama yake, nenda uulize: masikio yamepimwa? Ukiambiwa hayakupimwa, kaa hapo hapo uulize tena. Na mke akiwa mjamzito tena, umsaidie kubadilisha nepi za yule mdogo na kunawa mikono kwa sabuni, naye asile mabaki ya uji wa mtoto kwa kijiko kimoja, kwani mate na mkojo wa watoto wadogo ndiyo njia kubwa ya kirusi hiki.

Tunamaliza na habari ya fundi wetu. Alikwenda mwenyewe kwa wakwe zake, akasema mbele yao kwamba alikosa, na mama amerudi nyumbani. Mtoto amepimwa masikio. Upande mmoja hausikii kabisa, upande wa pili unasikia kidogo, naye ameandikiwa kifaa. Kama ni CMV au si CMV, hatajua kamwe. Kuhusu fedha za kifaa hicho, katibu wa tawi ana daftari, na majina yaliyomo hadi leo ni kumi na manne. Karakana yetu ina watu wengi zaidi ya hao.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa karakana ya mabehewa.